Kupeleka Mashine ya Bi Zuhura Mlango wa Ruvuma

Safari hii niliifanya kwa ajili ya mjane mmoja na mashine yake ya kusaga. Mumewe, Selemani, alikuwa jirani yangu pale Ufukoni kwa miaka tisa. Mimi ni mtu wa Njombe, mwalimu wa fizikia niliyeletwa Mtwara na barua ya uhamisho, na nilipofiwa na mwanangu sikuwa na ndugu wa kunishikia hata jembe. Selemani alilishika. Alichimba kaburi la mtoto wa Kikristo tangu alfajiri, akiwa amefunga. Kwa hiyo alipofariki yeye, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nilijua kuna siku nitaitwa.

Bi Zuhura alikaa eda miezi minne na siku kumi. Alipotoka alikuja mlangoni kwangu na mama yake mdogo, Bi Somoe, akasema anarudi kwao, kijiji kilicho karibu na mahali Ruvuma unapoingia baharini. Lori aliloahidiwa lilikuwa limemdanganya mara mbili.

"Mwalimu, kule kwetu wanatwanga kwa mikono mpaka leo," alisema. "Nikifika na mashine, nitakula jasho langu. Isipofika nzima, nitakuwa mtu wa kulishwa na kaka yangu mpaka nife. Una gari. Nisaidie."

Gari lenyewe lilikuwa la kuvuta kwa magurudumu yote manne, si kubwa, si dogo. Nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumatano nilikwenda Mikindani kwa Fundi Chande, ambaye alikuwa na tela la magurudumu mawili. Chande si mtu wa kubembeleza. Aliniuliza gari langu linaruhusiwa kuvuta uzito gani. Nikasema lina nguvu. "Sikukuuliza nguvu," akanijibu. Tukakitafuta kitabu cha gari chini ya kiti, tukasoma, kisha tukaichukua mashine kwa Bi Zuhura na kuipima kwenye mizani ya ghala la korosho. Injini, kinu na tela, vyote pamoja, vilizidi tani moja na nusu. Tulikuwa ndani ya kiwango, lakini kwa nafasi ndogo sana.

Akanionyesha namna ya kupanga. Injini, yenye lile gurudumu lake zito la chuma, aliiweka mbele kidogo ya ekseli ya tela, na kinu nyuma yake. Akaniambia niangalie nyuma ya gari: lilikuwa limekaa chini kiasi, kama mtu aliyewekewa mkono begani.

"Mzigo uliegemee gari," alisema. "Uzito ukihamia nyuma ya tela, pua yake itanyanyuka na kuinyanyua nyuma ya gari lako. Hapo tela litaanza kucheza. Likicheza usikanyage breki, usipigane na usukani. Toa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, liache lichoke lenyewe."

Niliitikia kwa kichwa, kwa kiburi kidogo. Habari za wenzo nawafundisha kidato cha pili kila mwaka! Tukajaza upepo kwenye matairi, tukakaza nati, tukafunga minyororo miwili ya usalama kwa kuipishanisha chini ya kiungio, na mzigo tukaufunga kamba nne.

Alhamisi saa kumi na mbili na nusu asubuhi tuliondoka Ufukoni, mimi mbele, Bi Zuhura na Bi Somoe kiti cha nyuma. Majirani walisimama barabarani kutuaga. Niliendesha polepole mno, baiskeli zikanipita, na kila nilipotaka kupunguza mwendo nilianza mapema, maana tela lile halikuwa na breki zake. Bi Somoe, mama mwenye mdomo mwepesi hata msibani, aliniambia, "Kawia ufike, mwanangu. Hata maiti huwa hapelekwi taratibu hivi." Bi Zuhura hakucheka. Alikuwa amegeuka, anaitazama mashine kupitia kioo cha nyuma.

Saa mbili tulifika Madimba. Siku hizo kiwanda cha gesi kilikuwa bado. Palikuwa kijiji cha minazi na mikorosho tu. Hapo aliishi Hamisi, kaka yake Selemani, na nyumba ilikuwa imejaa ndugu waliokuja kumuaga shemeji yao. Tulisomewa dua, tukanywa chai, wanawake wakalia naye. Nilipotoka nje nikakuta vijana wanapakia tela. Magunia manne ya nazi, mawili ya makopa ya muhogo, na moja la mchele. Mbele palikuwa hapana nafasi ya kutosha, kwa hiyo yote yalirundikwa nyuma kabisa, juu ya ubao wa mwisho.

Nililitazama gari langu. Nyuma yake ilikuwa imenyanyuka. Niliona kwa macho yangu, na sina cha kujitetea.

"Kaka Hamisi," nikaanza, "huu mzigo, kidogo..."

"Mwalimu, hiki ni cha marehemu," alisema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Mke wa ndugu yangu atoke kwangu mikono mitupu? Watu watasemaje?"

Wazee waliokuwa barazani walinigeukia. Nikajiona mimi mtu wa bara, mgeni, nasimama kwenye msiba wa watu nakataa ubani, rambirambi yao, kwa ajili ya hesabu za wenzo. Nikaona aibu. Nikasema ahsante, nikawasha gari.

Mwendo wa nusu saa baada ya Madimba kuna mteremko, si mkali, changarawe juu na mchanga chini. Usukani ulikuwa mwepesi mikononi tangu tulipoondoka, na niliujua wepesi ule ni wa nini. Tulipoanza kushuka, Bi Somoe alisema, "Mwalimu, mbona mkia huu unatembea peke yake?"

Kwenye kioo tela lilikwenda kushoto, likarudi kulia, likaenda kushoto zaidi. Kila mara lilivuta matako ya gari nalo. Na mimi niliyeambiwa, niliyeitikia, nilikanyaga breki. Lahaula! Tela likatusukuma kwa nyuma, gari likakaa upande. Nilisikia kamba inakatika na chuma kinagonga chuma. Hapo ndipo nilipokumbuka kutoa mguu. Nikaushika usukani sawa kwa nguvu zangu zote, mpaka mchanga wa chini ukatupokea na tukasimama tumekingama barabara, gurudumu moja la tela likining'inia juu ya mtaro.

Bi Somoe alikuwa amegonga uso kwenye kiti changu, damu inamtoka mdomoni. Alikuwa anarudia shahada. Bi Zuhura alifungua mlango, akaenda moja kwa moja kwenye mashine. Injini ilikuwa imeteleza na bakuli la kumiminia nafaka limepasuka toka juu hadi chini. Aliweka kiganja kwenye ufa ule, akaufuata hadi mwisho. Heri angenitukana.

Wapita njia wa baiskeli wanne walitusaidia. Tulishusha magunia yote, tukalisukuma tela hadi barabarani, tukairudisha injini mahali pake kwa miti, tukaunga kamba. Gunia la mchele na moja la nazi nikayabana kando ya injini, mbele ya ekseli, kwa kipimo, mpaka nyuma ya gari ikakaa chini tena, na magunia mengine tukawaachia wale wapanda baiskeli. Sikumuomba mtu ruhusa.

Alasiri tulifika. Mlango wa Ruvuma ulikuwa mpana na wa rangi ya chai, na mikoko imefunga pande zote. Kaka yake Bi Zuhura, Mahmudu, mvuvi mwenye mabega mapana, aliizunguka mashine mara mbili akauliza, "Hii imepasuliwa na nini?"

"Barabara," Bi Zuhura alijibu haraka.

Alikuwa ananisitiri. "Si barabara," nikasema. "Ni mimi. Nilipakiwa vibaya nikaona, nikanyamaza. Bibi huyu amevimba mdomo kwa sababu yangu."

Mahmudu aliugusa ufa kwa kidole. Kisha akasema, "Basi kesho utashika upande wa pili tuuzibe ufa huu."

Ijumaa asubuhi tuliziba ule ufa kwa bati na misumari ya kukunja. Bi Zuhura hakumruhusu mwanamume yeyote kugusa mkono wa kuwashia. Hata enzi za Selemani, kumbe, mwenye kusaga alikuwa yeye. Alizungusha mara tatu, injini ikakohoa, ikanguruma. Debe la kwanza alilisaga sadaka kwa ajili ya mumewe, akagawa unga nyumba kwa nyumba, na hapo ndipo alipolia kwa sauti, unga umemjaa mpaka kwenye nyusi. Nami nililia. Nilikuwa nimekaribia mno kumnyang'anya siku kama hii.

Jumamosi nilirudi na tela tupu, likirukaruka nyuma yangu. Madimba nilisimama. Ningeweza kupita, lakini madereva wengine wangeweza kupakiwa hivyo hivyo pale. Nilimkuta Hamisi anakung'uta mkeka, nikamwambia yote: magunia, gari kunyanyuka, mteremko, ufa, damu ya Bi Somoe.

Alikaa chini kwenye mkeka ule ule.

"Uliona gari limenyanyuka?"

"Niliona."

"Na hukunikatalia?"

"Niliogopa kukuudhi, kaka. Mbele ya watu, na msiba ule."

Alifuta uso kwa kanzu yake. "Ungeniudhi, ningenuna siku mbili, nikapona," alisema. "Ungeniulia mke wa ndugu yangu, mwalimu, ningepona kwa dawa gani?"

Nilimwomba radhi, akanipa mkono, nikashika njia ya mjini.