Mume Wangu Alipanga Mstari wa Mpinzani Wangu

Admin, nifichie jina, maana hapa mtaani kwetu Kisugu tunajuana. Mimi ni mama wa miaka arobaini na mbili, nashona sare za shule, nina mume na watoto wanne. Nina hasira mpaka sindano za cherehani zinanivunjikia.

Mwezi uliopita chama chetu kilichagua wajumbe wa tawi. Niligombea ujumbe wa akina mama, kwa sababu mtaro wetu umeziba miaka yote na kila mjumbe anatuahidi tu. Mpinzani wangu ni Hajati mmoja mwenye nyumba za kupangisha. Kwetu hakuna karatasi za kura. Sheria ya chama ni mstari: wagombea mnasimama mbele, anayekutaka anapanga nyuma yako, msimamizi anahesabu vichwa. Mgombea haruhusiwi kugeuka mpaka hesabu iishe.

Asubuhi ile mume wangu alikunywa chai yangu akasema yeye ndiye atakuwa wa kwanza nyuma yangu. Nikatoka nyumbani kifua mbele.

Nimesimama pale uwanjani, wa kwangu siwaoni, lakini mstari wa Hajati umepinda kufuata ukuta wa uwanja, nauona kwa pembeni unavyorefuka. Katikati yake nikaona kanzu niliyoipiga pasi mwenyewe. Baba wa watoto wangu, amemshika mabega mtu wa mbele yake ili asichomekewe, macho chini. Nilipotaka kugeuka msimamizi akanifokea, "Nyabo, mama, tazama mbele." Nikatazama mbele, nalia mbele ya wateja wangu.

Nilishindwa kwa mtu mmoja. Pigeni hesabu wenyewe: angesimama kwangu, ningeshinda. Na jirani yangu ameniambia alikuwa anakuja kwangu, akamwona mume wangu kule, akadhani nimejitoa.

Nyumbani nikamuuliza mume wangu, Hajati amempa nini. Bora angekuwa amepewa kitu! Akasema hajapewa chochote, alifika tu akaona mstari wangu bado mfupi.

"Mama watoto, niliona utashindwa. Mimi mwanaume, watu wanione nimesimama na wachache?"

Yaani alinionea aibu. Mimi niliyemzalia, ninayemlisha kazi zikikosekana.

Wengine humu mtasema mstari ni sheria mbaya, ije kura ya siri. Na mimi nilikuwa nasema hivyo. Leo sisemi, maana kwa kura ya siri ningeishi na huyu mtu mpaka kufa nikidhani alinipigia.

Sasa imegundulika mtu wa Kamwokya, mtaa mwingine kabisa, alijipenyeza kwenye mstari wa Hajati. Ukimtoa yeye, tumekuwa sawasawa, na msimamizi ameamua turudie Jumapili. Tangu habari hiyo itoke mume wangu amekuwa mpole ghafla, anachota maji, anawatangazia watu dukani kwamba safari hii atasimama nyuma yangu. Mama yangu ananiambia ninyamaze, nichukue kura yake, mengine baadaye. Na ni kweli naihitaji, bila yeye naweza kushindwa tena kwa huyohuyo mmoja. Lakini nikiwaza pumzi yake shingoni mwangu, na mimi siruhusiwi kugeuka kuona kama bado yupo, naacha kushona natoka nje.

Ndugu zangu, nishaurini kabla ya Jumapili. Nishinde kwa kura yake, au nimwambie mbele ya mtaa mzima arudi kulekule kwenye mstari mrefu?