Mahali pa Kusafishia Mkanda wa Mama

Mama yangu ni mweusi tii. Nalisema hilo mapema kwa sababu mkasa wote wa mkanda wa picha ulianzia hapo.

Kikundi chao cha akina mama parokiani kilikuwa kinajiandaa na jubilei, na kila mwanachama alitakiwa kuleta picha yake itundikwe ukumbini. Mama akaja Songea mjini kutoka Peramiho amevaa kitenge kipya, nikampeleka studio moja jirani na stendi. Picha ilitoka kwenye karatasi nzuri inayong'aa, ila mwanamke aliyekuwemo alikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mikunjo ya mashavu ilikuwa imefutwa. Mama aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama, akaniuliza, "Na yangu iko wapi?"

Nikarudi studio. Mwenye studio, kaka mmoja mchangamfu ambaye kila mwalimu wa kike kwake ni madam, alishangaa kweli.

"Madam, hakuna mtu anayelalamika kung'arishwa. Wengine wananiomba niongeze."

"Mimi nakuomba uache kabisa."

Akabofya hapa na pale, akanipa nyingine. Safari hii maziwa yalikuwa yamepungua kidogo. Akasema kompyuta yenyewe imezoea hivyo. Nikajaribu kumpiga mama picha kwa simu yangu, nayo ikamlainisha na kumpausha bila mtu kuiomba. Mama akaniambia niache tu, watundike picha za wenzake, zinatosha. Alilisema bila uchungu wowote, kama mtu anayesogea kwenye benchi ili wengine wapate kukaa. Hapo ndipo nilipokasirika. Mwanamke aliyelima maisha yake yote, akatusomesha kwa jembe, leo awapishe wenzake ukutani kwa sababu mashine haitaki rangi yake? Haiwezekani.

Nilikuwa na kamera ya mkanda niliyoinunua sokoni kwenye mitumba ya vyombo, nikaiweka kabatini kama pambo. Rafiki yangu wa chuo anayeishi Dar es Salaam akanitafutia mkanda mmoja wa nyeusi na nyeupe, akautuma kwa basi. Nikampiga mama picha nyumbani kwake asubuhi moja ya baridi ya Juni, ameketi barazani anapukuchua mahindi. Sikumwambia atabasamu wala akae vizuri. Nilipomaliza mkanda wote nikaurudisha kwenye kikopo chake na kuingia mjini kutafuta pa kuusafishia ili picha zitokee, nikiwa na furaha. Sikujua kwamba kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza.

Studio ya kwanza walicheka. Ya pili, yule fundi aliugeuzageuza mkanda kama anayetafuta pa kuchomeka chaja. Nikapiga simu Dar kwa watu niliosikia bado wanasafisha mikanda.

"Ya rangi tunasafisha," sauti ikanijibu. "Nyeusi na nyeupe hatuna dawa yake."

"Sasa nani anayo?"

"Dada, hiyo kitu ilishakufa." Simu ikakatwa.

Shuleni, walimu wenzangu waligeuza jambo hilo kuwa burudani ya saa nne. Nilipowaambia natafuta maabara ya kusafishia mkanda, mmoja akasema maabara za Songea zinapima malaria na mkojo, nichague. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nikaendelea kusahihisha madaftari. Moyoni nikasema, nitausafisha mkanda huu hata kama ni kwenye sufuria.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja wa mtaa wa Mfaranyaki aliyekuwa mpiga picha enzi zile, sasa anafuga kuku. Nilimkuta uani anawapa maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Umefuata mayai?"

Nikamwonyesha kikopo cha mkanda. Akafuta mikono kwenye suruali kabla ya kukipokea. Kisha akaanza kunikatisha tamaa kwa upole: vifaa viliuzwa, karatasi hazipatikani, nisijisumbue. Nikamwambia nimekwisha kujisumbua, anieleze tu dawa yenyewe ni dawa gani. Akanitazama, akacheka.

"Dawa yake ni ndugu na ile ya eksirei. Zangu zikiisha, nilikuwa naomba kwa watu wa eksirei. Lakini siku hizi nao wamehamia kwenye kompyuta."

"Wote?"

"Hilo sijui. Kaulize."

Aliingia ndani, akatoka na kopo jeusi la kusafishia, lenye mfuniko usiopitisha mwanga. Lilikuwa limejaa misumari. Akaimwaga na kunikabidhi kopo. Akanionya kitu kimoja: taa nyekundu inayotumika chumba cha eksirei ingeua mkanda wangu. Giza liwe giza kweli.

Basi nikaanza kuzunguka vituo vya afya nikiulizia eksirei, mzima wa afya. Nilikopita wote walikuwa na kompyuta, mpaka nikafika kituo kidogo cha binafsi upande wa Lizaboni ambako mtaalamu wa eksirei, mwanamke wa rika langu, alikuwa bado anasafisha filamu zake kwenye dawa. Alinisikiliza akiwa mlangoni, akakataa.

"Hiki chumba ni cha wagonjwa, dada. Siyo cha picha za ukumbusho."

Sikuondoka. Nikatoa picha ya studio kwenye mkoba, nikamwonyesha pamoja na mkono wangu.

"Mimi nimefanana na mama, yeye kanizidi weusi. Na huyu ndiye wanayesema ni yeye."

Aliichukua akaitazama. Halafu akasema, "Mimi kwenye picha ya harusi yangu walinifanya Mzungu. Watoto wangu wanauliza bibi harusi ni nani." Akafungua mlango zaidi. "Njoo Jumamosi mchana, wagonjwa wakiisha."

Jumamosi hiyo tulizima taa nyekundu, tukaziba upenyo wa mlango kwa koti lake la kazi. Tulikata kipande kidogo cha mkanda kwanza, tukakijaribu. Kilitoka cheusi chote, kama makaa. Dawa ile ya picha za mifupa ilikuwa kali mno. Mwenzangu akashauri tuiongeze maji na tupunguze muda. Kipande cha pili kilitoka na kivuli cha nguzo ya baraza na nusu ya ungo. Nilipiga kelele mpaka nesi akaja kugonga.

Tukauingiza mkanda wote kwenye kopo la mzee, gizani, kwa kupapasa tu. Tulipomaliza dawa ya pili, ile ya kuzuia picha isifutike, na kuusuuza, nikauinua dirishani. Mama alikuwepo, kwenye karibu kila picha, ameinamia mahindi yake. Kwenye mkanda mambo hugeuka, cheusi huwa cheupe, kwa hiyo uso wake uling'aa kuliko vyote. Tulicheka sana, mimi na yule mtaalamu, tumeshikana mabega kwenye harufu ile kali ya dawa.

Karatasi za kuchapia hazikuwepo, mzee alisema kweli. Nikarudi kwa kaka wa stendi. Aliupiga mkanda picha juu ya kioo cheupe chenye mwanga, akaugeuza kwenye kompyuta, na mama akatokea: mweusi, mikunjo yote, macho makali. Mkono wa kaka ukaanza kwenda pale panapong'arishwa.

"Usiguse," nikamwambia.

"Kidogo tu, madam, uso uonekane."

"Unaonekana. Chapa hivyo hivyo."

Akachapa. Akaiangalia picha ilipokuwa inatoka kwenye mashine, kisha akasema taratibu kwamba macho yale yanamwogopesha. Nikamwambia hata sisi watoto wake yalituogopesha.

Siku ya jubilei nilisimama karibu na ukuta. Picha zote zilikuwa za rangi, nyuso zote za chai ya maziwa, na katikati yao mama yangu. Mwanamke mmoja wa kikundi akamvuta mama pembeni, akamwuliza kwa huruma, "Jamani, mbona wamekutoa mweusi hivi?"

"Hawakunitoa wao," mama akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka jikoni. "Mama yangu ndiye aliyenitoa."

Mwezi uliofuata kituo kile nacho kilipokea kompyuta. Mtaalamu akanipigia simu asubuhi na mapema: dawa zilizobaki zinatakiwa ziondolewe, nazitaka? Nikaenda na madumu. Sasa zimepangwa bafuni kwangu, dirisha nimelipigilia blanketi, na mume wangu analalamika kila akienda kuoga. Mkanda mwingine uko njiani kutoka Dar. Wanawake wawili wa kikundi cha mama wamekwisha kuniuliza, kwa kunong'ona, kama nao naweza kuwapiga picha walivyo. Nimewajibu kwa sauti kubwa.