Mvua ya Kwanza ni ya Bati

Siku ile naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu. Vumbi la kijijini kwetu Kabungu lilikuwa linaloa kwa mara ya kwanza baada ya kiangazi kirefu, na mimi nimesimama uani, nguo zimenishika mwilini, nacheka peke yangu.

Nakusimulia wewe hasa, mkwe wangu, kwa sababu jana ulinipigia simu kwa furaha. Ukaniambia fundi amemaliza kufunga gata za kukinga maji ya paa, tenki limeshakaa juu ya jukwaa lake, sasa mnangoja mvua tu. Nilifurahi sana. Lakini uliposema mjukuu wangu atayaonja maji ya mvua siku hiyohiyo itakayonyesha, nikasema hapana, hili halifai kuzungumzwa kwenye simu. Ndiyo maana unaniona nimefika Mpanda kwa bodaboda asubuhi yote hii, na kiuno changu hiki. Endelea kumnyonyesha mtoto, mimi nitaongea.

Mwaka ule mumeo Paskali alikuwa mtoto mchanga, ndiyo anaanza kukaa mwenyewe. Alikuwa ametoka kuharisha, amekonda, macho yameingia ndani, hata kulia hana nguvu. Kisima cha bondeni kilikuwa kimebaki tope. Tulikuwa tunangoja maji yajikusanye, tunachota kwa kikombe, na nyumbani nikifika maziwa hayatoki kwa sababu mimi mwenyewe nina kiu. Usiku namsikiliza anavyopumua. Weee, usiombe hali ile.

Sasa, nyumba yetu ndiyo ilikuwa ya kwanza pale mtaani kuezekwa bati. Wenzetu wote walikuwa na nyasi, na maji ya nyasi yanashuka na rangi ya chai, hakuna aliyeyanywa. Maji ya bati yanashuka meupe. Kila mtu aliamini bati ni safi. Na bati hilohilo, kwa kuwa linachoma vizuri, ndilo tulilolifanya kianikio. Mihogo tukishaimenya na kuiloweka, tunaipandisha juu, inakaa mpaka ikauke iwe makopa. Kiangazi kizima kunguru wanakuja kudonoa na kuacha walichoacha, paka wanalala huko, na majivu ya mashamba yanayochomwa yanatua hukohuko. Lakini nani alikuwa anatazama juu? Tulitazama pipa.

Basi mvua ikapiga. Mume wangu alikuwa amefunga kipande cha bati lililokunjwa, kinaleta maji moja kwa moja kwenye pipa. Nikasikia linavyojaa, nikasema ahsante Mungu, mwanangu amepona. Nikakimbilia ndani kuchukua kikombe.

Nilipotoka nilimkuta mama mkwe wangu, bibi yake mumeo, ameegemeza bega kwenye pipa. Mwanamke mfupi, nyonga moja mbovu, lakini alilisukuma mpaka likaanguka. Maji yote yakaenda zake kwenye migomba.

Nilipiga kelele, mwanangu. Nilimwambia, "Mama, unaniulia mtoto!"

Yeye alichukua ndoo, akajitwika ikiwa tupu, akatoka na mvua ileile kwenda bondeni. Mimi nimebaki mlangoni, nimemshika Paskali, nalia kwa hasira. Nilijua kabisa kwamba yule mama hanipendi. Nilishapanga na maneno ya kwenda kuwaambia kwetu.

Alirudi jioni inakaribia. Tope limefika magotini, maana alikuwa ameanguka njiani, akarudi kuchota tena. Ndoo ilikuwa nusu. Hakukaa. Aliyachuja kwa kanga yake, akayachemsha mpaka yakatokota, akayafunika, akangoja yapoe. Kikombe cha kwanza alinipa mimi. "Kunywa wewe, mama Paskali, ili mtoto apate maziwa." Ndipo akakaa chini, akanyoosha ile nyonga.

Akaniambia, "Mume wako alikuwa na dada yake. Anjela. Mvua ya kwanza ilinyesha, tukakimbia wote na sufuria kukinga kwenye bati la nyumba ya mwalimu, kule shuleni. Tulikunywa tunacheka. Sisi wakubwa tuliumwa matumbo tukapona. Yeye hakupona. Nesi aliniuliza, mtoto amekunywa nini? Nikamwambia, maji ya mvua, maji ya Mungu. Akaniambia, ya Mungu ndiyo, lakini yamepita juu ya bati."

Nilishuka chini nikamwosha miguu, nikamtoa tope kidole kwa kidole, na yeye akaniacha nimwoshe.

Kesho yake alimpandisha mume wangu juu na ufagio, makopa yakateremshwa. Mvua zilizofuata, kile kipande cha bati alikigeuza pembeni, maji yamwagike. Baadaye akakirudisha, na ya kwanza kuingia kwenye pipa tukafulia. Mpaka aliporidhika kwamba bati limeoga, ndipo akaruhusu tukinge ya kunywa, na hayo nayo yalipita jikoni kwanza. Paskali alinenepa mwaka ule mpaka majirani wakamtania.

Kwa hiyo sikiliza. Tenki lako ni zuri, nami namshukuru Mungu aliyewapa, maana sisi tulilala na kiu. Kabla ya mvua, mpandishe mumeo juu na ufagio. Mwambie mama yake kasema. Ikianza kunyesha, geuza bomba linaloingiza maji kwenye tenki, acha mvua ya kwanza ioshe bati, hata kama tenki ni tupu na roho inauma. Itauma, nakuambia. Mdomo wa tenki uwe na kifuniko na kitambaa cha kuchuja. Maji teka kwa kata yenye mkono mrefu, vidole visiingie. Na ya mtoto chemsha, yachemke kwelikweli, usiniambie gesi imeisha. Makopa yako anika kwenye mkeka.

Mimi sitakuja kukumwagia tenki, nguvu hizo sina. Lakini ningekuwa nazo ningelimwaga, nawe ungenichukia, na ningekubali. Yule mama alikubali nimchukie ili mtoto wangu aishi, na mtoto mwenyewe ndiye huyo anayekukoromea kila usiku. Kila mvua ikianza namshukuru upya.

Mungu akubariki, mwanangu, wewe na huyo uliyemshika. Akupe mvua tele, ya kumwaga na ya kunywa, na akuache uzeeke mpaka umwoneshe mkwe wako namna ya kuligeuza bomba.