Hodhi la Watu Wawili

Wivu ninao, sikatai. Kuna kanga inasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nimeshiriki miaka ishirini na mbili na sijakonda hata kidogo, tazama mikono yangu. Kwa hiyo nikisimulia habari ya hili hodhi lililoko uani kwangu, mtu asitarajie nitajifanya mwema.

Mume wangu alikuwa fundi wa karakana ya reli, Gerezani, mwanamume wa kunyanyua chuma kwa mkono mmoja. Alinioa nikiwa msichana, tukakaa nyumba hii hii ya Kariakoo, vyumba sita na ukumbi katikati. Majirani wote wameshavunja za kwao wakapandisha ghorofa, sisi tupo. Nilipofika miaka arobaini na sita akaoa mke wa pili, akampangia Ilala. Zamu zikawa siku mbili kwangu, siku mbili kwake. Nilikubali kwa mdomo. Moyo sikuuliza.

Kisha kikaja kiharusi, mwaka mmoja kabla ya hodhi hili. Upande wa kushoto ukalala, ulimi ukawa mzito, na akili yake ikawa inakuja na kuondoka. Kumbeba kwenda Ilala na kurudi kila baada ya siku mbili hakukuwezekana, akabaki kwangu. Nilidhani mambo ya zamu ndiyo yamekwisha. Thubutu. Siku zake zikifika, mke mwenzangu anaingia asubuhi na kikapu chake, "Shikamoo dada," namwitikia "Marahaba" ya puani, na anashinda anamhudumia mumewe. Ni haki yake, na mimi na sheria hatubishani.

Kilichoniua ni mambo ya bafuni. Bafu letu liko uani, mlango wake wa bati, na kinachosemwa humo kinafika jikoni. Siku zangu, mume wangu anaoga kimya. Anakaa juu ya kigoda, namwagia maji kwa kata, anasema, "Ahsante, mama," basi. Siku za mwenzangu nasikia sauti yake ikinong'ona kitu, siwezi kukikamata kwa ule ulimi mzito, halafu namsikia yule mwanamke anaitika, "Abee."

Bibi yangu alinifunza kuitika abee kabla sijajua kufunga kanga. Mwanamke akiitwa na mumewe hasemi "nini" wala "unasemaje". Anasema abee, na ile e ya mwisho anaivuta kidogo. Mabinti wa siku hizi hawaijui. Huyu, mtu wa kutoka kusini huko, anaijua, tena anaivuta pale pale panapotakiwa. Abee, halafu wanacheka wote wawili. Nami niko jikoni nimeshika mwiko, tui linakatika mbele ya macho yangu.

Nilitaka kujua kitu kimoja tu duniani: anamwita nani? Zamani alikuwa na jina lake la kuniita mimi, alilonipa wiki ya fungate, na halikuwahi kutoka nje ya chumba chetu. Tangu kiharusi sijalisikia. Sasa huyu kapewa jina gani tamu hivyo, mpaka anaitika kwa kicheko?

Halafu akaanguka. Kigoda kiliteleza kwenye povu la sabuni, akapiga nyonga sakafuni. Hakuvunjika, alhamdulillahi, lakini ilikuwa siku ya zamu yangu. Mwenzangu alipokuja kumwona hakunilaumu hata kwa jicho, na hilo liliniudhi kuliko kama angenitukana.

Watoto wa matumbo yote mawili wakakaa, wakaamua baba anunuliwe hodhi la kuogea lenye mlango. Binti yangu ni muuguzi, ndiye aliyetueleza: mgonjwa anafungua mlango, anaingia kwa miguu yake bila kuruka ukuta, anakaa kwenye kiti kilicho humo humo, anafunga, ndipo maji yanajazwa. Lipo la mtu mmoja, akasema, na lipo la wawili, viti vinatazamana, ili anayemwogesha mgonjwa akae naye ndani asiwe anainama. "Maana nyinyi mama zetu nanyi migongo hamna." Baba yao akaulizwa anataka lipi. Akainua vidole viwili.

Mtu mwenye roho safi akisikia hivyo anafikiria migongo. Mimi nilimwona mwenzangu amekaa majini na mume wangu, magoti kwa magoti, wanaitana na kuitikana, tena ndani ya nyumba yangu, kwa maji niliyochemsha mimi. Nikasema moyoni, hodhi la wawili haliingii humu nikiwa hai.

Watoto wakataka kipimo cha bafu. Nikachukua kamba ya katani, nikapima ukuta kwa ukuta, kisha fundo nikalifunga shibiri nzima kabla ya kufika ukuta wa pili, nikaikata hapo. Kwa kamba ile, hodhi la mtu mmoja linaenea, la wawili halienei. Mungu anisamehe, nilikula chakula cha mchana kwa raha siku hiyo.

Mume wangu akasema tukachague sote wawili, mimi na mwenzangu. "Wote," alisema, na kwa mtu asiyeweza kusema mengi, neno moja lilikuwa amri. Tukapanda bajaji mpaka duka la vifaa vya bafu upande wa Gerezani. Mkoba wangu niliuweka katikati yetu.

Muuzaji alikuwa baba wa makamo, mcheshi, mahodhi yale anayaita majakuzi. Yalikuwa mawili, dogo na kubwa, yamesimama kati ya masinki ya choo na marundo ya vigae.

"Hili kubwa ni la bwana na bibi," akasema. "Wanaingia wote, wanaoga, wanapiga stori. Sasa mama zangu, bibi mwenyewe ni nani?"

"Mimi," nikasema.

"Mimi," akasema mwenzangu.

Tulisema kwa pamoja. Muuzaji akatutazama, akaelewa, akaanza kufuta kioo kisichokuwa na vumbi.

Nikawahi kutoa kamba. "Hilo kubwa halienei kwetu. Kipimo hiki hapa." Akailaza juu ya hodhi, na kweli ikapungua. Nilikuwa nimeshaanza kulisifu lile dogo, mlango wake mwepesi, kizingiti chake kifupi, kishikio kiko mkono wa kulia ambao ndio mzima, wakati mwenzangu alipofungua pochi yake akatoa kamba nyingine. Kumbe naye alipima, siku ya zamu yake, mimi niko jikoni sina habari. Muuzaji akazilaza kamba pamoja. Yangu ilikuwa fupi kwa shibiri moja.

Nikangoja mwenzangu aniumbue. Akazitazama zile kamba, akasema taratibu, "Katani hurudi ikilowa. Ya dada ilikaa bafuni."

Muuzaji akakubali kwamba ndiyo, katani ina tabia hiyo. Nilimchukia mwenzangu wakati ule kuliko siku aliyoolewa. Mtu akikusitiri mbele ya watu, ugomvi utauanzia wapi?

"Ingieni mkae, mama zangu, mlijaribu," akasema muuzaji. Tukavua viatu tukaingia na mabaibui yetu, mimi kiti hiki, yeye kiti kile. Magoti yakagusana. Muuzaji akausukuma mlango ukajifunga, akatuuliza tunaonaje. Tulipotaka kutoka, haukufunguka. Pindo la baibui langu lilikuwa limeingia kwenye mpira wa mlango, na komeo limekaza. Akavuta mpaka akatoka jasho, akasema anakwenda kumwita fundi karakana ya jirani, tusiwe na wasiwasi. Kuta za hodhi zilitufika kifuani, na kwa magoti yetu hakuna aliyeweza kuziruka. Fahari wawili hawakai zizi moja, lakini sisi tulikuwa tumeshafungiwa.

Basi la mwendokasi likapita nje, kisha jingine. Sikuwahi kumtazama kwa karibu vile. Mvi zilikuwa zimemtokeza chini ya ushungi, na kucha zake zilikuwa zimelainika kwa maji, sawa na zangu.

"Mnacheka nini mkiwa bafuni?" Swali lilinitoka lenyewe.

Hakujifanya hajui ninachosema. "Anakuita wewe, dada."

"Aniite mimi vipi, na mimi niko jikoni?"

Akalitaja jina. Lile la fungate. Niliona kama nimevuliwa nguo mle dukani.

"Kila siku ya zamu yangu ananitazama, ananiita hivyo," akasema. "Mwanzo nilimwambia mimi siye, akalia, akasema anamtaka bibi harusi wake wa Kariakoo. Akawa anakutafuta, hataki kuogeshwa na mtu asiyemjua. Basi nikawa naitika. Nikiitika anacheka, nami nacheka, nifanyeje? Wiki ya kwanza nililia, nikachoka."

"Na hiyo abee umejifunzia wapi?"

"Kwako. Ulikuwa ukimwitikia hivyo zamani, nikija kwako sikukuu. Nilijua nikiisema vibaya atagundua."

Ningepaswa kufurahi. Jina langu halikupewa mtu. Lakini wivu ukageuka ukanishika upande wa pili: mwaka mzima naitwa, hatua kumi kutoka jikoni kwangu, na mtu mwingine anaitika. Nikamwambia hivyo hivyo. Nikamwambia, umeniibia.

Hakubisha. Akaniuliza, "Na wewe ukimwogesha, anakuita nani?"

"Mama," nikasema, na hapo ndipo nililisikia hilo neno. Wanaume wengi huwaita wake zao mama. Yeye hakuwahi, hata baada ya watoto watano. Mama yake, Mungu amrehemu, alikuwa na mwili kama huu wangu wa sasa na mikono kama hii, na ndiye aliyemwogesha kwa kata utotoni. Mume wangu alikuwa akinishukuru mimi kwa niaba ya marehemu. Mke wake, yule msichana wa fungate, alikuwa akimtafuta kwingine, na mwanamke wa miaka hamsini anafanana naye zaidi kuliko mwanamke wa sitini na nane.

Mwenzangu aliligundua wakati ule ule nilipoligundua mimi. Akatazama magoti yetu.

"Basi wewe umo mara mbili," akasema. "Mama wewe, mke wewe. Miaka ishirini na mbili, dada. Mimi ndiye simo."

Alilisema kwa wivu. Wivu naujua nikiusikia, ni lugha yangu. Nikikataa nitakuwa muongo na nikikubali nitakuwa katili, nikabaki nashika pindo la baibui langu lililonaswa.

Fundi akaja na bisibisi, akalegeza komeo, tukatoka. Muuzaji kwa aibu akasema labda tunalipenda lile dogo zaidi, mlango wake hausumbui.

"Rekebisha mlango wa hili kubwa, tunalichukua," nikamwambia. "Kamba yangu ilirudi."

Hodhi likaletwa, likafungwa bafuni, na siku ya kwanza ya kulitumia ikaangukia zamu yake. Nikajiambia nitakwenda sokoni nisisikie. Nikafika barazani, nikarudi. Asije mtu akadhani wivu uliisha kwa kufungiwa dukani. Siku ile ulikuwa mpya kabisa, maana sasa nilijua kinachosemwa humo ndani. Nikachukua ndoo ya maji ya moto ya kuongezea, nikasimama nje ya mlango wa bati.

Maji yalikuwa yakichezwa. Kisha nikamsikia, kwa ule ulimi wake mzito, na safari hii nilijua nasikiliza nini. Lilikuwa jina langu.

Nikangoja abee ya mwenzangu. Haikuja. Akaita tena. Halafu mwenzangu akasema, wala si kwa sauti kubwa, "Dada, unaitwa."

"Abee," nikasema, nikausukuma mlango.

Mume wangu alikuwa amekaa kitini, maji yamemfika kifuani. Mwenzangu alikuwa mbele yake, kanga imemganda mwilini, dodoki mkononi. Mume wangu akageuza kichwa kuifuata sauti. Akanitazama muda mrefu, mvi zangu na mikono yangu, akatabasamu kwa ule upande wake ulio hai. Kisha akamtazama mwanamke aliyekaa naye majini, akamkagua, akaniuliza, "Na huyu nani?"

Nilikuwa nimeshinda. Miaka ishirini na mbili niliomba siku moja aulize swali hilo. Mwenzangu aliinamisha kichwa, dodoki limesimama juu ya bega la mume wangu, anangoja kusikia nitamwita nani. Muuguzi, jirani, mtu wa kusaidia kazi. Siku ile lolote ambalo ningesema ndilo lingekuwa.

"Mkeo," nikasema.

Neno halikunitoka kwa utamu, sitadanganya. Nikayamimina maji ya moto polepole, upande wa miguu yao wote wawili, nikarudi jikoni kutazama tui langu.