Kanyagio la Mama Hyera

Siku yangu ya kwanza kazini Mbinga nilitetemeka kwa baridi, mtoto wa ziwani nisiye na hata sweta. Mkuu wa chumba cha kompyuta, mzee aliyehamishwa kutoka Tanga, aliitikia shikamoo yangu, kisha akauliza, "Umeshawahi kuua mashine?"

"Hapana, mzee."

"Utaua tu. Siku hiyo usinifiche."

Ilikuwa miaka ya ubinafsishaji. Ofisi yetu ya kahawa ilipata mwenye mali mpya, naye akaamuru kila mpiga chapa apimwe kwenye kompyuta; atakayeshindwa, kwaheri. Mama Hyera alikuwa bingwa wa taipureta, lakini mkono wake wa kushoto ulikuwa umepooza, na kompyuta zetu za mfumo wa Unix zilitaka ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja ili kuhifadhi barua. Alikuwa mjane, na nyumba aliyokaa ilikuwa ya ofisi.

Nikachukua kanyagio la cherehani ya umeme, nikaliunganisha nyuma ya kompyuta, nikaandika kiendeshi, yaani programu inayoifahamisha mashine kifaa kinataka nini. Sasa mguu ulishika kitufe kimoja, mkono wa kulia kingine. Kiendeshi nilikiweka nje, pamoja na programu za kawaida. Kilichelewa kidogo sana kuitikia mguu, nami nikaona aibu. Nilitaka kukiingiza kwenye kiini, ile sehemu ya ndani inayoongoza kumbukumbu na vifaa vyote. Mafundi wa kweli, niliamini, walifanyia kazi humo.

"Kanyagio la mtu mmoja ulipeleke kwenye kiini kutafuta nini?" Mkuu aliniuliza. "Kiendeshi kikianguka nje, kinaanguka peke yake. Kikianguka ndani, kinaondoka na mashine nzima."

Sikumsikiliza. Nilikuwa na kichwa kigumu jamani! Siku moja kabla ya mtihani nikakiingiza kimyakimya.

Mama Hyera alichapa barua yake vizuri kabisa, akakanyaga ili aihifadhi. Skrini ikaganda, barua yote ikapotea. Msimamizi wa mtihani akashika kalamu amkate jina, na mama wa watu akawa anaomba radhi, akidhani kosa ni lake. Hapo niliumia hasa.

"Si yeye," nikasema. "Mashine nimeiua mimi."

Mkuu hakunigombeza. Alimwomba msimamizi nusu saa, nami nikakirudisha kiendeshi nje.

Katikati ya barua ya pili waya ulilegea, kanyagio likafa tena. Safari hii iliyoanguka ni programu yangu tu. Maneno ya mama yalibaki palepale. Nikakaza waya, nikaiwasha upya programu kutoka mashine ya jirani iliyounganishwa na yake.

"Endelea, mama."

Akakanyaga. Barua ikahifadhiwa.

Nimestaafu sasa, na vijana huniuliza waweke wapi viendeshi vyao. Ndani kuna kasi, nawaambia, na vingine havina budi kukaa humo. Kisha nawasimulia habari za Mama Hyera, ambaye siku ile nilijaribu kumweleza kilichotokea.

"Ya ndani na ya nje utajua mwenyewe, mwanangu," alinijibu. "Mimi nakwenda kufungua mizigo. Tangu juzi nimefunga kila kitu."