Malori Yaliyofichwa Kati ya Kahama na Geita

Niliondoka Shinyanga kwa sababu redio ilikuwa imetangaza jambo moja na watu wakaelewa jingine.

Tangazo lenyewe lilikuwa fupi. Wote walionunua kwetu malori ya toleo fulani walitakiwa wayarudishe kwetu sisi mawakala. Kiwandani ng'ambo walikuwa wamegundua kwamba waya mnene unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata, inayowasha injini, ulipitishwa vibaya. Unasuguana na chesisi, fremu ya chuma ya lori, hadi mpira wake unalika, na shaba ikigusa chuma inatoa cheche. Lori linaweza kuwaka hata likiwa limeegeshwa. Lakini aliyeandika tangazo hakutaja waya wala moto. Aliandika "wayarudishe", basi. Sisi karakana tukaning'iniza nyaya mpya ukutani, tukasubiri. Hakuna lori lililoingia getini. Moja lilikuwa limeshaungua njiani pamoja na pamba yake, dereva akaponea chupuchupu.

"Fundi Elias," bosi wetu, Bwana Sadru, akaniambia, "wasipokuja, wafuate wewe. Chukua pikapu, nenda na Mabula."

Mabula ni dereva wetu, mtu wa maneno machache. Siku ile alisema moja tu: "Watatukimbia." Nikamcheka.

Kahama, mchana. Lori la kwanza lilikuwa la mzee mmoja mwenye duka la jumla karibu na soko. Alitukaribisha chai ya tangawizi, akauliza habari za Bwana Sadru, za watoto wake, hata za mvua. Nilipotaja lori, akasikitika sana.

"Limekwenda Tabora, bwana. Kurudi kwake Mungu ndiye ajuaye."

Nyuma yake, juu ya ukuta wa ua, niliona paa jekundu, jipya, la kibini anamokaa dereva wa lori, na tenga la kuku juu yake.

"Na lile pale, mzee?"

"La jirani."

"Jirani yako naye alinunua kwetu?"

"Muulize yeye. Naye amesafiri."

Nilimweleza habari za waya mpaka chai ikapoa. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kama lori ni bovu, tumletee jipya kwanza, ndipo na yeye amwombe jirani. Tukaondoka. Mabula alicheka mpaka nje ya mji. Mimi sikucheka.

Kesho yake, Ushetu. Huko lori lilikuwa likibeba tumbaku, na wenyewe hawakuwa na redio, kwa hiyo hawakuwa na hofu. Walitupa ugali na maziwa ya mgando, wakatuachia lori chini ya kibanda cha kukaushia. Nilipoingia uvunguni nilikuta waya umechubuka hadi shaba inang'aa. Zilibaki safari chache tu kabla lori halijashika moto. Nikafunga mpya, ule mbovu nikauweka kwenye mkoba. Nilisema moyoni, sasa nina ushahidi, nani atabisha tena?

Masumbwe ndiko nilikobishiwa vizuri zaidi.

Lori la hapo lilikuwa la Mama Kulwa, mjane aliyeuza karibu kundi zima la ng'ombe alilorithi ili alinunue. Alikuwa akipeleka unga, mchele na dizeli kwa wachimbaji wa dhahabu upande wa Geita. Tulimkuta uani anapepeta mpunga.

"Shikamoo, mayu," nikamwamkia, nikimwita mama kwa Kisukuma.

"Marahaba. Mmefuata gari langu."

"Hatukulifuata kulichukua, mama. Tunataka kubadilisha waya."

"Redio imesema mnalirudisha. Nimelipa lote. Sidaiwi hata senti. Mnalirudisha wapi?"

Nikatoa ule waya wa Ushetu, nikamwonyesha shaba, nikamwambia unashika moto. Aliugeuza kwa kidole kama mtu anayekagua samaki sokoni.

"Huu ni waya wa watu wa Ushetu," akasema. "Wangu ni mzima."

Nikamuuliza lori liko wapi. Akasema limekwenda machimboni na mapipa ya dizeli. Sikumwamini, nikazunguka nyumba, nikachungulia hadi zizini. Kweli halikuwepo. Mapipa ya dizeli juu, na waya ule chini! Nikamwambia Mabula awashe pikapu. Kabla hajawasha, Mama Kulwa alikwisha kuketi katikati yetu, kitenge kiunoni na karanga mapajani.

"Gari langu likikamatwa, nikamatwe nalo."

Njia ya kwenda Geita ilikuwa imelimwa na mvua. Tulipata pancha, tukaziba. Tukanasa kwenye tope, tukajinasua. Mama Kulwa alimfundisha Mabula kuendesha, ingawa hakupata kushika usukani maishani mwake. Mabula alikaza macho barabarani. Mimi nilihesabu pumzi.

Tulifika machimboni alasiri. Vibanda vya turubai vilitanda kilimani, wanaume wenye vumbi jekundu wakipandisha mawe kutoka kwenye maduara, yaani mashimo yao. Lori lilikuwa chini ya kilima, mapipa bado juu. Dereva wake, Maganga, alikuwa anakula mhogo kwenye ngazi ya kibini. Alipoona jina la kampuni kwenye mlango wa pikapu yetu, alitupa mhogo, akaruka ndani, akawasha, akaondoka kwa kishindo.

"Maganga!" Mama Kulwa akapaza sauti. "Simama!"

Hakusimama.

"Mbona anakimbia?" nikauliza.

Mama akatazama karanga zake. "Mimi ndiye niliyemwambia. Akiiona pikapu hii, akimbie."

Mabula alikwisha kukanyaga mafuta.

Tulilifuata lori likiruka kwenye makorongo, mapipa yakigongana. Lilipoanza kupanda mlima wa pili, moshi mweusi ukatoka chini ya kibini. Likayumba, likasimama. Maganga akaruka chini, akaanza kumwaga maji ya kunywa kwenye moto.

"Mchanga!" nikapiga kelele. "Leteni mchanga!"

Nilikimbilia kwenye betri na spana. Nati ilikuwa na kutu, imeshika. Nilivuta mara ya kwanza ikakataa. Niliyatazama yale mapipa juu yangu, nikamkumbuka mke wangu, nikavuta tena hadi ngozi ya kiganja ikabaki kwenye chuma. Nati ikaachia, waya ukachomoka, cheche zikakoma. Lakini kiti kilikuwa kimeshika moto. Wachimbaji walikuja mbio na makoleo, Mama Kulwa akachota mchanga kwa kitenge chake mwenyewe, mpaka kibini kikajaa kama kaburi na moshi ukafa.

Kiti kiliungua, nyaya ziliyeyuka. Mapipa yalikuwa salama, na watu wote pia.

Mama Kulwa aliketi kwenye majani, akihema. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia Masumbwe!"

"Uliniambia unashika moto. Hukuniambia ni moto *huu*."

Maganga akaangua kicheko, Mabula naye. Mimi nilitaka kulia kwa hasira, ila mkono uliniuma zaidi. Mama akaomba asali kwa mama ntilie wa pale, akanipaka kiganjani taratibu.

Tulilivuta lori hadi Masumbwe, nikafunga nyaya mpya. Nilidhani yameisha, lakini Mama Kulwa akapanda tena pikapu. Kahama, aliingia peke yake kwenye duka la yule mzee. Nilisikia sauti yake hadi barabarani, Kiswahili na Kisukuma pamoja. Alipotoka, mzee alikuwa mbele yake na ufunguo wa ua, tenga la kuku mkononi.

"Jirani amerudi," akaniambia bila aibu.

Shinyanga, Bwana Sadru aliniuliza kwa nini nimechelewa. Nikamwonyesha mkono. Safari nzima nilikasirikia watu kwa ubishi wao, na hasira hiyo haijaisha kabisa. Lakini mtu aliyebadilisha karibu ng'ombe wake wote kwa lori moja, ukimwambia alirudishe, ataficha. Nilimwomba bosi tangazo liandikwe upya, liseme moto, na lisomwe kwa sauti ya Mama Kulwa.

Bosi alidhani natania.