Dishi la Bi Sabah

Bi Sabah wa Mapinga alikuwa amekwisha kupita kwa majirani kuaga na kuomba radhi, kama afanyavyo kila aendaye Hija, daktari alipomkataza kusafiri kwa sababu ya moyo. Mwanawe Mundhir akatafuta dishi kuukuu la futi nane, akalisimika uani, akaligeuza kidogo kidogo tangu asubuhi hadi alasiri, mpaka Kaaba ikatokea kwenye runinga.

"Makka hiyo, mama, sasa hivi."

Bi Sabah aliwatazama mahujaji wakitufu, wakiizunguka Kaaba.

"Zima, baba. Watu niliwaaga kwamba nakwenda, na mpaka leo nawakwepa njiani. Niwatazame waliofika, ili iweje?"

Mundhir alizima, akarudi uani kukaza nati zilizokwisha kukazwa.